Maktaba Mbili za Jina Moja, na Kisima cha Pande

Vijana wa ofisi mmeniomba niwaandikie habari za kazi yangu, kwa kuwa nimestaafu na mnaamini mtu aliyestaafu hukaa barazani akisubiri kuulizwa. Barazani sikai. Tangu niage nimeshafungua redio za majirani kadhaa hapa Mitwero, na baadhi yake zimefungika tena. Lakini ombi lenu limenifikia wakati mzuri, kwa sababu siku ile ya kuagana nilimsikia mmoja wenu akilalamika kwamba programu inafanya kazi kwenye mashine yake na inaleta mambo mengine kabisa kwenye mashine ya mwenzake, utafikiri ina mapepo. Haina mapepo. Namwandikia yeye, na nyinyi wengine mnaruhusiwa kuchungulia.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vilikuwa vichache na vinachosha kusoma.

Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa wala sikukosa ada. Lilipita lori la chumvi likitoka Kilwa, nikataka kujua linakwenda wapi. Lilikuwa linakwenda Lindi, jambo ambalo ningeweza kumuuliza dereva nikabaki darasani. Nikawa utingo wa lori hilo, nikalichoka, nikalima chumvi yenyewe, nikaichoka zaidi, nikawasha jenereta kwenye ukumbi wa video Masasi, nikatengeneza redio Nachingwea. Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, na kila meli ilishusha vitu ambavyo watu walivinunua kwanza kisha wakauliza vinafanyaje kazi. Mtu asiyetulia kama mimi asingeweza kuzaliwa wakati bora kuliko huo. Kila mji niliofika ulikuwa na kitu kipya kilichoharibika.

Ofisi ya mradi wa visima pale Lindi niliingia kutengeneza feni. Feni ilikuwa ya chumba cha kompyuta, na kwenye kompyuta alikuwa amekaa Dada Anastazia, Mmakonde wa Newala, mwimbaji wa kwaya ya parokia, ambaye alikuwa na tabia ya kuimba sauti ya pili peke yake wakati mashine inafikiri. Nilitengeneza feni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, huku macho yangu yako kwenye kioo chake. Mwishoni aliniuliza kama najua kusoma Kiingereza. Nikamjibu kwamba kusoma naweza, kuelewa ndiyo kazi.

"Basi uko sawa na mashine," akasema. "Nayo inasoma tu. Vuta kiti."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Barua ilikuja baadaye, lakini ajira yenyewe ilikuwa kile kiti.

Alinifundisha lugha iitwayo Python, na aliponieleza kwamba maana yake ni chatu, nikaenda kumwambia dereva wetu kwamba ndani ya kompyuta ya mkononi mna chatu. Alicheka sana. Lakini tangu siku hiyo niliona anaiweka kiti cha nyuma.

Sasa niwaeleze tulivyokuwa tunatafuta maji, maana nyinyi mna vifaa vingine. Tulikuwa na vigingi vinne vya chuma, betri, na waya mrefu uliozungushwa kwenye magurudumu ya mbao. Unapigilia vigingi ardhini, unapitisha umeme, unapima ardhi inaukataa kiasi gani. Maji ya chumvi huupitisha umeme kama mlango ulio wazi, maji matamu huusumbua. Unasogeza vigingi, unapima tena, na kadiri unavyovitenganisha ndivyo umeme unavyozama chini zaidi. Ukimaliza una safu ya namba. Namba hizo ndizo alizokula chatu, naye akatuambia tabaka za ardhi zimepangana vipi: juu kuna nini, chini kuna nini.

Programu yenyewe ilikuwa na sehemu tatu. Juu kulikuwa na Python, lugha nyepesi inayosomeka. Lakini kwenye mahesabu mazito Python ilitembea kama mtu aliyeshiba, kwa hiyo chini yake Dada Anastazia aliandika kiendelezi kwa lugha ya C, akakipitisha kwenye kompaila kikawa faili gumu lisilosomeka na binadamu, lakini lenye mbio. Kiendelezi nacho hakikujua hesabu zote. Zile ngumu kabisa kiliziagiza kwenye faili la tatu, lililoandikwa na watu wa mbali, ambalo programu nyingi hulitumia kwa pamoja. Faili la namna hiyo huitwa maktaba. Mara ya kwanza mashine iliposema maktaba haikupatikana, nilimwambia Dada Anastazia kwamba ipo, nimepita mlangoni kwake asubuhi na ilikuwa wazi. Hadithi hiyo aliitumia kunitambulisha kwa wageni kwa miaka mingi.

Kwa kuwa kila mashine ilikuwa na maktaba zake, nyingine kuukuu, Dada Anastazia aliamua tutembee na ya kwetu. Aliinakili kwenye folda ileile ya programu, jirani na kiendelezi, kama mtu anayesafiri na mto wake wa kulalia. Tukaridhika. Kumbe kusafiri na mto ni jambo moja, na kuulalia ni lingine.

Tukaenda Pande.

Mwenyekiti wa kamati ya maji ya pale alikuwa Bi Zuhura, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kufika ng'ambo. Alitupokea kwa kutuonyesha zahanati kabla hata hatujapewa maji ya kunywa, na alikuwa na sababu zake za kutotupa maji hayo. Zahanati ilikuwa nzuri, imepakwa rangi, ina vitanda vya wazazi, na haikuwa na tone. Mjamzito aliyekuja kujifungua alikuja na ndugu, na ndugu alikuja na ndoo, na ndoo ilikwenda kujazwa mbali kiasi kwamba watoto wengine walizaliwa kabla maji hayajafika. Bi Zuhura alikuwa ameshaandika, amesafiri, amekaa kwenye madawati ya ofisi mpaka walinzi wakamjua kwa jina la mtoto wake. Mwisho Pande ikaingizwa kwenye safari ya mtambo wa kuchimba. Mtambo ulikuwa mmoja kwa pwani nzima. Ungefika, ungechimba shimo moja, ungeondoka kuelekea kusini, na hapakuwa na mtu aliyeahidi kwamba utarudi. Shimo likitoa chumvi, Pande ingekuwa na shimo la chumvi.

Tulipoanza kupigilia vigingi, habari zilienea kwamba tumekuja kutafuta mali ya Wajerumani. Vijana wakatufuata na majembe begani, wakisaidia kwa moyo kuliko ilivyo kawaida, na kila kigingi kilipozama walitazamana. Bi Zuhura aliwaambia kwamba Mjerumani angekuwa ameacha kitu Pande, mama zao wangeshakifua na kukianika. Hawakuondoka.

Tulipima sehemu kadhaa: mbele ya zahanati, kando ya msikiti, bondeni, na mwisho kwenye kiwanja kimoja ng'ambo ya barabara, kwa sababu kilikuwa na kivuli nasi tulikuwa tumechoka. Nikafungua kompyuta ya mkononi, nikamlisha chatu namba zake. Jibu la mbele ya zahanati likatoka: juu chumvi, chini kabisa maji matamu. Ukichimba kwa kina na kuziba sehemu ya juu kwa bomba, umepata. Kile kiwanja chenye kivuli kilitoka kinyume, juu tamu, chini chumvi tupu, nikakifuta akilini.

Bi Zuhura aliposikia alichana ukingo wa kanga yake kuukuu, akafunga kitambaa kwenye kijiti, akakisimika mwenyewe mbele ya mlango wa wazazi. Jioni hiyo kijiji kizima kilijua maji yatatokea pale. Nilipoondoka niliitwa mwanangu, nikapewa kuku.

Kituo changu kilikuwa Nangurukuru, pale njia panda, kwa sababu mabasi yote yalisimama hapo na palikuwa na kibanda cha simu. Kawaida yetu ilikuwa kwamba vipimo vya kila kijiji navinakili kwenye flopi, nampa kondakta wa basi la Lindi, na Dada Anastazia anavirudia kwenye mashine ya ofisi. Hakuna aliyetarajia tofauti. Ilikuwa kama kuhesabu tena watoto baada ya sala.

Mwenye kibanda alikuja kuniita mbio. Dada Anastazia alikuwa hewani, na haimbi.

"Saidi, umemwambia nini yule mama wa Pande?"

Nikamwambia nimemwambia kuna maji matamu mbele ya zahanati.

"Kwangu inasema chumvi. Juu unyevu kidogo wa maji matamu, chini bahari."

Programu ileile, namba zilezile. Akaniagiza niendeshe vipimo vya kisima cha zamani cha hapa Mitwero, ambavyo tulivihifadhi kwenye kila mashine kwa ajili ya majaribio. Kisima hicho kilichimbwa zamani na kila tabaka lake lilijulikana: juu maji ya kunywa, chini chumvi. Nikaendesha, nikamsomea.

"Hizo namba ni zilezile zangu," akasema. "Zimesimama kwa kichwa tu."

Akanieleza. Ile maktaba ya mahesabu, toleo la zamani lilipanga tabaka kuanzia chini kwenda juu. Toleo jipya linaanzia juu kwenda chini. Kiendelezi chetu kiliandikwa kwa ajili ya jipya. Kikipewa la zamani, hakitalalamika hata kidogo, kitaugeuza ulimwengu juu chini na kukuletea kwa adabu. Lakini, akasema, jipya alikuwa ameniwekea mwenyewe kwenye folda. Labda alikosea akanakili la zamani. Angetuma jingine kwa basi la kwanza, na mimi nisifanye lolote mpaka lifike. Mtambo ulikuwa kijiji cha jirani na Pande na kazi yake pale ilikuwa inaelekea mwisho.

Basi likafika. Mimi nilikuwa nyuma ya vibanda nikinawa mikono. Kondakta alichungulia mlangoni, akaita, "Saidi! Mzigo wa Saidi kutoka Lindi!" Nilipozunguka kuja mbele basi lilikuwa linaondoka, kondakta ananipungia mkono kwa furaha ya mtu aliyetimiza wajibu.

Nilizunguka kibanda kwa kibanda. Mzigo nikaukuta kwa muuza chapati, meza ya kwanza kabisa unaposhuka kwenye basi. Flopi yangu ilikuwa chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba, na lazima nikiri kwamba meza ilikuwa imetulia. Nikamuuliza kwa nini alichukua kitu kisicho chake. Hakukasirika. Alikuwa anageuza chapati.

"Somo," akaniambia, maana sisi wenye jina moja huitana hivyo, "wameita Saidi. Mimi ni Saidi, na niko hapa mlangoni. Ulitaka niseme siyo mimi?"

Nikanunua chapati.

Flopi ilikuwa nzima. Nikaweka maktaba mpya juu ya ile iliyokuwepo, nikaendesha Mitwero. Bado kwa kichwa. Nikafuta folda yote, nikaanza upya. Kwa kichwa. Nikarudi kibandani kupiga simu, na kwa kuwa nilikuwa nimechelewa nilijua nitaulizwa nilikuwa wapi, kwa hiyo nikaanza na kisa cha muuza chapati. Nilikieleza kirefu, nikitumaini kwamba atakuwa anacheka nitakapofika kwenye habari mbaya. Hakucheka.

"Rudia alivyosema."

"Kasema wameita Saidi, naye ni Saidi, naye yuko mlangoni."

Kisha akacheka mpaka nikaondoa mkono wa simu sikioni. Aliponyamaza akanipa amri moja ya herufi tatu, ambayo nanyi mnaijua na hamuitumii vya kutosha. Ukiipa jina la kiendelezi, inakuonyesha maktaba zote kitakazoziita na, hili ndilo muhimu, nani ataitika na anakaa wapi. Nikaandika. Nikasoma mistari hadi nikafika kwenye maktaba yetu. Jina lilikuwa lenyewe. Anwani haikuwa yetu. Ilikuwa ya folda kuu ya mfumo, mlango wa kwanza kabisa unaposhuka.

Ndani ya kila mashine ya aina ile kuna kondakta. Programu inapoamka yeye husimama mlangoni na kuita majina ya maktaba zinazohitajika. Haulizi toleo, haulizi sura. Anaanzia sehemu alizozizoea, na wa kwanza kuitika anapewa mzigo. Kwenye kompyuta yangu ya mkononi, folda kuu ilikuwa na somo wa maktaba yetu, mzee, mwenye jina lilelile na desturi za zamani. Akaitika. Hakuwa mwongo, alikuwa ni yeye kweli. Ya kwetu ilikaa kwenye folda yetu imefungasha mizigo, haikuitwa kabisa. Mashine ya Lindi ilipatia kwa sababu folda yake kuu ilikuwa na toleo jipya. Nayo haikuwahi kutazama maktaba tuliyoibeba. Tulikuwa tumebeba mto nchi nzima bila kuulalia hata siku moja.

Basi, kijana uliyelalamika, hapa ndipo pako. Kuiweka maktaba jirani na kiendelezi hakutoshi. Lazima kiendelezi chenyewe kijue pa kuanzia kutafuta. Unaweza kumwambia kondakta kila mara kabla ya kuwasha programu, kwa kuandika njia kwenye mazingira ya mashine, lakini siku utakayosahau hutajua kwamba umesahau. Bora uiandike njia ndani ya kiendelezi wakati wa kukiunganisha na maktaba, ili popote kitakapobebwa kiseme: anzia pale nilipo mimi. Kuna neno maalumu la "pale nilipo mimi", nalo huanza na alama ya dola.

Dada Anastazia alinisomea amri ya kuunganisha kwa simu, herufi kwa herufi, nami kompyuta iko juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikaandika, nikaunganisha, nikauliza nani ataitika. Somo yuleyule mzee. Tukaangalia kilichoandikwa ndani ya kiendelezi: njia ilikuwa tupu. Nikamwambia dola haionekani.

"Imeliwa," akasema. "Ukiiacha wazi inaliwa kabla haijafika. Ifunge kwenye nukuu moja moja, pande zote mbili."

Nikarudia kwa sauti, kama nilivyofundishwa, ili nisikosee. Dola imeliwa. Dola isiachwe wazi. Dola ifungwe pande zote mbili ndipo ifike. Nilipogeuka, foleni ya simu ilikuwa imesogea karibu sana na mimi. Miaka ile mtu aliyezungumza dola hadharani bila woga alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Bwana mmoja mwenye kofia ya vitobo akanishika kiwiko, akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kumpitishia za mjomba wake wa Mombasa kwa njia hiyohiyo ya nukuu. Nikamwambia hizi ni za kwenye mashine. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa kwamba mambo hayo hayasemwi mbele za watu, na akanipisha niendelee.

Safari hii dola ilifika. Nikauliza nani ataitika, na anwani ikawa ya folda yetu. Nikaendesha Mitwero: juu tamu, chini chumvi. Kisha nikaendesha Pande, kipimo kimoja kimoja, na furaha ikaniishia. Mbele ya zahanati, chini bahari. Msikitini hivyohivyo. Bondeni vivyo hivyo. Kati ya vyote, kimoja tu kilikuwa na tabaka nene la maji matamu chini ya udongo wenye chumvi. Ni kile cha kivulini.

Dada Anastazia aliniambia niende Pande mwenyewe, nisimtumie kondakta.

Bi Zuhura nilimkuta anapalilia karibu na kijiti chake. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akauliza mtambo uko wapi. Nikamwambia nimekuja na maneno tu. Akasema maneno Pande yapo ya kutosha, lakini karibu.

Nilimweleza yote, pamoja na muuza chapati. Pale kwenye muuza chapati alitabasamu, akasema kwake Zuhura wako watatu na barua zake za wilayani zimewahi kusomwa na wote. Kisha tabasamu likaisha. Aliweka jembe chini.

"Mwanangu, mashine yako ilinidanganya juzi ikiwa na uso huuhuu. Leo ikisema kweli nitaitambulia wapi?"

Ni swali bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa kazini, na tangu siku hiyo nimeliuliza mashine zote. Nikamjibu kwamba tusibishane, tuipime kwa kitu anachokijua yeye. Akafikiri, akanipeleka nyuma ya nyumba ya marehemu babu yake, ambako kisima kilichimbwa yeye akiwa msichana, akiwapelekea wachimbaji uji. Alinikataza kuchungulia ndani. Nikapigilia vigingi, vijana wa majembe wakarudi, nikapima, nikaendesha, nikamsomea: juu tamu nyembamba, chini chumvi tupu. Halafu akasema walikunywa maji ya kisima kile msimu mmoja tu, mpaka mjomba wake alipoongeza kina akaharibu.

Alikwenda akakichomoa kijiti chake mwenyewe, mbele ya wauguzi waliosimama mlangoni. Hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Aliporudi akauliza maji matamu yako wapi sasa. Nikamwonyesha kwa kidole, ng'ambo ya barabara, kwenye ua wa makuti wenye kivuli.

Vijana wa majembe waligeuka wote kutazama upande mwingine.

"Pande nzima," akasema Bi Zuhura polepole, "na maji yamekwenda kujificha kwa Mfaume."

Mzee Mfaume alikuwa mume wake wa zamani. Walikuwa wameachana miaka mingi kwa sababu ya mbuzi, au kwa sababu ya maneno yaliyosemwa kuhusu mbuzi. Kila aliyenisimulia alikuwa na mbuzi wake. Walizungumza kupitia binti yao Asha tu, na Asha alikuwa ameolewa Lindi, kwa hiyo hawakuzungumza. Angetaka, Bi Zuhura angeweza kusema tuchimbe palepale pa kwanza. Kamati ingemfuata, kijiji kilikuwa kimeshashangilia. Mtambo ulikuwa njiani. Alisimama akitazama mlango wa wazazi, ambako mama mmoja alikuwa anashuka kwenye baiskeli, na nyuma yake dada yake na ndoo tupu. Kisha akajitanda kanga vizuri, akaniambia nimfuate niwe shahidi.

Alipiga hodi nje ya ua. Mzee Mfaume alikuwa anasuka kamba. Alimkaribisha mwenyekiti, kwa kumwita hivyohivyo, mwenyekiti.

"Baba Asha, sikuja kwako," akasema Bi Zuhura. "Nimekuja kwa maji yaliyo chini yako."

Mzee Mfaume alisuka kidogo. "Miaka yote uliyokaa humu ulisema nyumba hii haina neema."

"Nilisema juu ya ardhi. Chini sikupima."

Nilitazama miguu yangu. Mzee alikata uzi kwa meno, akauliza maswali ya maana: mtambo utaingilia wapi, minazi yake miwili itasalimika, watu watapita saa zote? Alijibiwa ndiyo itasalimika na ndiyo watapita. Akasema kiwanja atatoa. Ila siku maji yakitoka, wa kwanza kunywa awe mwenyekiti, na aseme mbele ya watu wote kwamba ya kwa Mfaume ni matamu.

"Yakiwa matamu," akasema Bi Zuhura.

Mtambo ulifika na kijiji kizima nyuma yake. Wachimbaji walianza, na kilichotoka kwanza kilikuwa tope la kijivu. Mkuu wao alilionja kwa ncha ya ulimi, akanitazama, akatema. Chumvi. Minong'ono ikapita kwa watu. Nilikuwa najua juu ni chumvi, kompyuta ilisema juu ni chumvi, lakini niliifungua nikaisoma tena. Mzee Mfaume alikaa kwenye kiti chake akiwa amevaa kanzu. Bi Zuhura alisimama na kikombe cha bati mkononi. Waliteremsha bomba la kuzibia sehemu ya juu, wakaendelea. Ukaja udongo mwekundu, ukaja mchanga mweupe, na maji yakapanda, machafu kwanza, kisha yakaanza kusafika. Mkuu wa wachimbaji alinyoosha mkono aonje. Bi Zuhura akamtangulia.

Alikinga kikombe. Akanywa kidogo, akakaa nayo mdomoni. Akanywa tena mpaka mwisho.

"Maji ya kwa Mfaume," akasema kwa ile sauti yake ya kufika ng'ambo, "ni matamu."

Mzee Mfaume aliinua kidevu.

"Chumvi yote imebaki kwa mwenyewe."

Yeye ndiye aliyecheka wa kwanza, kabla ya kijiji. Kisha alikunja mikono ya kanzu, akachukua panga, akaenda mwenyewe kubomoa ua wa makuti upande wa zahanati.